Ubuyu Mashavuni mwa Raya

Siku hizi ukitimiza miaka ishirini na mitano, moyo wako unafungwa: ulichokipenda ujanani utakipenda mpaka kufa, na kipya hakiingii. Mwanakheri alifungwa akipenda ubuyu na bangili za plastiki. Mwanawe, Raya, alizaliwa baada ya hapo.

Anamwogesha, anamsuka, anamlisha vizuri. Lakini moyoni kimya.

"Mama, ulipokuwa msichana ulipenda nini?" Raya aliuliza jana. Mamake akamwambia, hakumficha.

Leo mtoto kaingia jikoni, bangili zimemjaa mpaka viwikoni, midomo na mashavu mekundu kwa ubuyu aliojipaka. Akasimama wima.

"Na sasa, mama?"

Mwanakheri alimkumbatia kwa nguvu zake zote, akangoja. Kilichokuja ni mate tu mdomoni.