Kilichoziba Tundu

Mjomba alikwisha kuisifu pikapu aliyotaka kumuuzia mpwa wake kuanzia taa hadi ekzosi, lakini mwindaji hununua gari la porini kwa pua na kwa maji. Mpwa huyo, mwindaji, alimwaga ndoo nzima ya maji kwenye bodi ya nyuma, aone kama kutu imetoboa sakafu.

Maji yakatuama. Yakageuka rangi ya chai, kisha harufu ikapanda, ya nyama iliyovunda chini ya manukato ya sabuni.

“Tope hilo,” mjomba alisema. “Gari la msituni halikosi tope, mpwa wangu.”

Mwindaji alikunja mkono wa shati, akachokonoa tundu la kutolea maji, akavuta. Halikuwa tope. Ulikuwa ukwato wa swala, mdogo kama kokwa ya tende, ncha yake ya manjano ingali laini kama ufizi. Ukwato hukomazwa na ardhi. Huu haukuwahi kukanyaga ardhi. Ulitoka tumboni mwa mama.

Mwindaji alimtazama mjomba. Mtu huyu ndiye aliyemfundisha kulenga, akamwapisha kwamba mnyama mwenye mimba hapigwi. Ndiye aliyemfukuza shemeji wa mwindaji kwenye kundi la wawindaji, mbele ya watoto wa shemeji huyo, kwa kosa hilohilo.

“Gari hili halijui kurudi tupu,” mjomba alisema huku akicheka. “Haya, lete mkono tumalize biashara.”

Akanyoosha kiganja. Mwindaji akauweka ukwato katikati yake, akamkunjia vidole, kimoja baada ya kingine.