Bado Gumu

Mzee alilala kifudifudi kwenye kitanda cha kliniki ya viungo pale Mlandege, kwa hiyo hakumwona usoni aliyekuwa akimpima. Benedicta alibandika kifaa kidogo cha kupima ugumu wa misuli kwenye shavu la mguu wake wa kushoto. Kikagonga msuli, kikatoa namba. Msuli ulikuwa umekaza vibaya, na juu ya kisigino kano ilikuwa imevimba.

"Fanya haraka, binti. Jumapili nataka niwaonyeshe vijana wangu mlima unavyopandwa."

Sauti ni ile ile. Kweli milima haikutani.

Wakati ule Benedicta alikuwa mkimbiaji wa shule, kano inamuuma hata kwenye ngazi. Mzee huyu ndiye aliyekuwa kocha wake; alimbonyeza shavu la mguu kwa dole gumba, kama mnunuzi wa maparachichi sokoni, mbele ya wenzake.

"Bado gumu," alisema, wakacheka. "Halijaiva hili. Kakimbie."

Akakimbia. Kano ilikatika kwa mlio uliosikika mpaka kwa waliokaa kwenye nyasi. Mpaka leo anachechemea.

"Vipi, nitakimbia?" mzee akauliza.

Namba ilisema asithubutu. Benedicta akakizima kifaa, akakiweka pembeni. Akaweka dole gumba lake kwenye shavu la mguu wa mzee, akabonyeza taratibu.

"Bado gumu," alisema. "Halijaiva hili. Kakimbie, kocha."

Mzee hakugeuka. Lakini chini ya dole lake, Benedicta aliusikia mguu mzima ukikakamaa.