Karatasi ya Kujaribia Kisu

Insha ya kuombea nafasi chuoni ilikuwa imekamilika, na katika mstari wa kwanza Mwanahawa alikuwa amemuua baba yake. "Baba alifariki nikiwa na miaka saba," aliandika, maana watu walimwambia chuo huwahurumia mayatima.

Baba mwenyewe alikuwa hapo uani akinoa visu vya wateja, akikanyaga pedeli za baiskeli yake iliyofungwa jiwe la kunolea.

"Hebu nisomee na mimi nisikie," alisema.

Mwanahawa akaitazama karatasi, kisha akaanza kusoma yasiyoandikwa. Alisoma habari za mtu anayezunguka mitaa yote na baiskeli yake, asiyemrudishia mama lishe kisu kabla hajakijaribu, aliyemfundisha bintiye kwamba makali hayaji kwa kukandamiza kisu, bali kwa kukipitisha jiweni taratibu, tena na tena. Maneno yalimtoka bila kutafutwa. Alipomaliza, jiwe lilikuwa limesimama.

"Kumbe huwa unaniona hivyo?" Baba alijifuta jicho kwa kiwiko. "Na huko chuoni watayataka haya ya visu?"

"Watayataka, baba." Akashangaa kuona kwamba hadanganyi.

"Haya, nipe kikaratasi nijaribie hiki."

Akampa insha.

"Si ndiyo hii uliyosoma?"

"Niliyosoma iko kichwani."

Kisu kikapita kwenye mstari wa kwanza kana kwamba hakikugusa kitu, na marehemu akavipuliza vipande uani, huku akicheka.