Mpaka Mama Akizime

Jumapili hiyo zamu ya wajawazito ilikuwa ya Tulalumba. Alibandika tumboni kisikilizio cha mapigo ya moyo, moyo wa mwanawe ukadunda kwenye spika za kanisa, na usharika mzima ukasimama. Sheria ilijulikana: hakuna kuketi mpaka mama akizime.

"Mchungaji," alisema, "bibi yake bibi yangu aliuawa hapa na askari wa Wajerumani, wamisionari wetu wakitazama. Alikuwa mjamzito. Amelala chini ya madhabahu hii. Huyo wa tumboni mwake mlimsimamia lini?"

"Hayo ni ya siasa, mama," Mchungaji Mgaya akajibu kwa upole. "Hapa tunatetea uhai."

Tulalumba akakibandua kile kisikilizio bila kukizima, akapiga magoti kwa shida, akakilaza sakafuni chini ya madhabahu. Spika zikanyamaza. Mchungaji akakitazama kiti chake, akabaki amesimama.