Akirudi Asipate Faini

Kila Juni Mama Bravin huja kwenye saiba yangu, duka la intaneti, hapa Kendu Bay nimjazie mwanawe ritani za kodi. Bravin alizama karibu na kisiwa cha Remba miaka mitatu iliyopita, na ziwa halikumrudisha.

"Andika hana mapato," huniambia. "Akirudi asipate faini."

Leo, kabla hajaketi, redio ilikuwa ikisoma matangazo ya mazishi. Jina la Bravin likatajwa. Kesho, nyumbani kwa babake.

Nilimgeukia. "Amepatikana?"

Alitikisa kichwa, akafungua kikapu. Ndani mlikuwa na yago, lile tunda refu, zito, ambalo sisi Wajaluo hulizika badala ya mtu aliyepotelea majini. Alikuwa amelivisha shati jeupe la Bravin, lile alilokuwa akivaa kwenda kutafuta kazi.

"Wazee wamechoka kungoja," alisema.

"Basi mwaka huu hakuna haja ya ritani, Mama."

"Jaza."

Nikajaza. Hana mapato. Nikamchapishia risiti, kama kila mwaka.

Aliikunja mara mbili, akaitia kwenye mfuko wa shati, akafunga kifungo.