Ukelele wa Bibi Panya

Jana asubuhi Tai alimbeba Bibi Panya mgongoni kumwonyesha maporomoko ya maji. Ndege wabebao watalii huita kabla ya kuzunguka mwamba ulio mbele yake, ili anayetoka upande wa pili asikie. Tai aliona hiyo ni kazi ya wenye macho mabovu.

"Mjukuu wangu, mbona huiti?"

"Bibi, macho haya humwona sungura ng'ambo ya kilima."

"Na chini ya tumbo lako je?"

Tai alicheka, akakata kona. Bibi Panya akapiga ukelele: "Uwii, nakufa!"

Korongo, aliyekuwa akipanda kutoka chini yao na abiria wake, aliusikia, akakwepa. Mbawa ziligusana, hakuna aliyeanguka.

"Turudi nyumbani, Bibi?" Tai aliuliza.

"Turudi na maporomoko sijayaona? Nilifumba macho!"

Tai alizunguka tena. Kabla ya mwamba, aliita.