Kifuniko Kipya cha Injini

Fundi Kasiani alimkabidhi Bi Nyamizi kifuniko cha injini kinachong'aa kwa msasa. Pikipiki ya marehemu mumewe ilikuwa ya zile za kale, zinazokunywa petroli iliyochanganywa na oili, na vipuri vyake havikuuzwa tena popote. Kasiani aliviiga kwa kalibu ya mchanga, akimimina humo alumini iliyoyeyushwa.

Nyamizi alikipapasa. Kilikuwa laini kote.

"Fundi, hapa palikuwa pamelika. Kiatu cha mume wangu kilipasugua."

"Nilipajaza nta kabla ya kukigandamiza mchangani kiache umbo lake, mama. Sasa kiko kama kilivyotoka kiwandani."

"Na kile cha zamani?"

"Ndicho hicho. Nilikiyeyusha nikatengenezea hiki."

Nyamizi aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyetajiwa saa. Tangu mazishi, kila jambo alilipokea hivyo hivyo.

Kasiani alikifunga kwenye pikipiki kwa boliti tano, akasogea pembeni ili mama awashe. Nyamizi alipanda, lakini hakugusa kiki ya kuwashia.

"Palichukua muda gani kulika vile?" Kasiani akauliza.

"Miaka ishirini na ushei."

Nyamizi akauegemeza mguu wa kulia kwenye kifuniko, pale pale palipokuwa pamelika, akaanza kusugua kiatu, taratibu, mbele na nyuma.